Mlango Namba Kumi na Nne

Mto Inn hauna akiba.
Hatukuujengea ziwa nyuma ya ukuta.
Maji yajayo asubuhi ndiyo tunayoyala asubuhi,
kijungu meko,
kama kibarua anayelipwa jioni
akalala bila deni, bila senti.
Theluji ikiyeyuka huko Tirol, tunashiba.
Januari ikikaza meno, mashine tatu kati ya sita hunyamaza,
naye Korbinian husema: leo mto umefunga.

Mimi ni Notburga, mtunza chujio.
Nina reki ya chuma, ndefu kuliko nyumba,
inashuka, inapanda, mbele ya vinywa vya mitambo,
kuitoa mifupa kooni.
Nimetoa magogo. Matairi. Paa aliyekufa macho wazi.
Toroli la dukani.
Mara moja, keki nzima ndani ya boksi lake, kavu.

Ukumbini, sakafuni, umepakwa mstari wa njano.
Mashine ya kwanza hadi ya tatu, Austria.
Ya nne hadi ya sita, Bavaria.
Maji hayakusoma jiografia,
na umeme ukishapanda waya
haugeuki nyuma kuulizwa pasi.
Ila Alois, mfagiaji wetu, hufagia hadi mstarini, akasimama,
akakung'uta ufagio.
Kule kuna mfagiaji wake.

Juni ile mto ulikuja na rangi ya chai ya maziwa,
umebeba shamba la mtu.
Saa tisa usiku reki ikakwama.
Nikavuta, injini ikalia, nikavuta,
ukaja mlango.
Mlango mzima, wa msonobari, wa kijani,
namba 14 ya shaba,
tundu la barua limejaa mchanga,
kitasa kimefungwa barabara,
kana kwamba nyumba ndiyo iliyotoka matembezini
ikausahau.

Tukawapigia polisi wa kingo zote mbili.
Wa kwetu wakasema: kijani hicho ni cha Wabavaria.
Wa kule wakasema: mbao hizo ni za milima yenu.
Tukauegemeza ukutani, palipobaki nafasi,
bawaba Bavaria, kitasa Austria.
Alois akaufagia nusu.

Wiki saba.
Watu wakaanza kuning'iniza makoti juu yake.
Korbinian, akitania, alikuwa akibisha hodi
kila aingiapo zamu,
mpaka siku moja akaacha, bila kusema kwa nini.

Agosti akaja mwanamke, kwa basi la saa nne.
Kofia, mkoba, viatu vipya vinavyombana.
Hakutaja kijiji chake, nami sikuuliza ni cha ukingo upi.
Mkobani akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu,
akainama, akaufukua mchanga kwa ukucha,
taratibu, kama anayemsafisha mtoto sikio.
Akatia. Akazungusha.
Ulimi wa chuma ukarudi ndani.
Akazungusha tena.
Ukatoka, ukauma hewa.

Alisimama hapo muda wa mashine kupumua mara kadhaa,
mkono bado kitasani.
"Nilikuwa sijui kama niliufunga," akasema.
"Usiku ule tulikimbia.
Toka hapo kila nikilala naamka,
najiuliza: niliufunga?"

Nikamwambia tuna lori, tunaweza kumpelekea.
Akatazama mlango, akatazama lori kupitia dirishani.
"Mnipelekee wapi?"
Akaipangusa namba kwa mkono wa koti lake,
moja kwanza, kisha nne,
akauacha ufunguo juu ya meza ya zamu,
karibu na sukari,
akawahi basi la saa tano.

Kutoka mashine ya tano Korbinian akapaza sauti:
yamepungua sentimita nne!
Nikaandika daftarini, nne.
Nikarudi kwenye reki.
Ilipanda na majani, chupa, kamba ya bluu,
kisha ikapanda tupu.